Maji ya Miaka Sita

Camille, muganga wa kituo cha afya, alinishika mukono pale mulangoni. Divine alikuwa amekwisha kutangulia barabarani.

"Mama Bruno, sikia muzuri. Mutoto amepona. Lakini dengue iko na aina ine, na yeye amemaliza moya tu. Akipata ingine, inaweza kumufanya atoke damu ndani ya mwili. Mbu ya ule ugonjwa isimuume tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na ile mbu haiumake usiku. Inaumaka muchana. Asubui, na vile jua inaanza kushuka."

Nilitembea mupaka nyumbani nikiwaza neno moya lile: muchana. Siye watu wa Bunia tunajua mbu wa usiku. Saa kumi na mbili tunafunga madirisha, tunashusha mustikere juu ya kitanda, tunafokea watoto waingie ndani. Muchana tunaacha mulango wazi ili mwanga uingie. Nani alikwisha kuona mutu mwenye akili analala ndani ya mustikere saa ine ya asubui?

Divine ni binti ya Bruno, mutoto wangu wa kwanza. Bruno iko Tchomia, anauza samaki ya kukausha. Mama ya Divine alikufa wakati wa kuzaa wa pili, na tangu siku ile mutoto alikuwa wangu. Sasa amefikisha miaka kumi na saba, na mwaka huu anafanya examen d'État, mutihani wa mwisho wa shule. Tangu mume wangu Hilaire alifariki, nyumba ni siye wawili. Yeye ananisomea barua kama herufi ni ndogo, ananishika mukono tukienda misa ya kwanza wakati barabara iko na matope. Basi nilipiga magoti nikamwambia Mungu: hii kazi nimeipokea, nitaangalia.

Na kuangalia ninajua. Hata mujukuu wangu Divine anasema, "Koko, weye ukikaa kimya, batu banaanza kujitazama kama banavaa nguo muzuri."

Camille alikuwa amenielezea kwamba mbu huyu hapendi matope wala mutaro wenye kunuka. Anapenda maji safi, yenye kutulia, ndani ya pipa, ndani ya kopo, ndani ya mupira wa gari wenye umetupwa. Kwa siku tatu nilizunguka avenue yetu na kijiti mukononi.

Pale kona, Roger mwenye kuziba mipira ya pikipiki alikuwa amepanga mipira mizee, moya juu ya ingine, ili watu wajue ndipo kazi yake iko. Nilichungulia ndani ya kila moya.

"Mama Bruno, mipira yangu imekukosea nini?"

"Ndani iko maji, na ndani ya maji iko batoto ya mbu. Inama uone."

Akainama. Akakaa vile muda, mikono juu ya magoti.

"Eh! Kumbe miye baba ya batoto mingi hivi, na bibi yangu hajue!"

"Chekelea tu. Na ile yenye haina batoto utoboe pia."

Alicheka tena, lakini alichukua musumari mukubwa na nyundo, akatoboa yote mbele yangu. Tangu siku ile wanamuke wa avenue wakaanza kuniita Mama Kijiti. Nilikubali.

Madeleine hakuniita hivyo, yeye alinitania kwa jina kubwa zaidi. Madeleine ni mujane kama miye, lupango yake na yangu imegawanywa na matete tu, na kwa miaka mingi tumesali pamoja katika Legio ya Maria. Pipa yake ya maji ya mvua inasimama chini ya bati.

"Ah, serikali imefika! Kofia yako ya hygiène iko wapi, chef?"

"Kofia ni kitambaa hii ya kichwa. Funika pipa, dada."

"Ninafunikaka kila mangaribi."

"Mangaribi haifai kitu. Huyu iko anatembea muchana, kama siye."

"Basi hana haya," akasema Madeleine. Lakini alivuta kipande cha bati, akafunika, akaweka jiwe juu.

Nyumbani kwangu nilimwaga kila kitu. Sufuria yenye kutoboka, kopo ya kuku, hata kizibo ya bidon. Divine nilimuwekea meza ndogo ndani ya mustikere, asome mule. "Koko, niko sasa kama samaki ya papa Bruno ndani ya wavu," akasema, na akatosha mukono kupitia chini ili nimupe chai.

Wiki mbili zikapita, tatu. Na mbu walikuwa bado ndani ya salon yangu. Si wengi. Moya asubui, wawili mangaribi. Weusi, wadogo, wenye mistari myeupe kwenye miguu, sawa vile Camille alinieleza. Nilizunguka tena lupango, nikazunguka kwa majirani. Sikupata kitu.

Sasa inafaa niseme habari ya mutungi.

Katika kona ya salon yangu, chini ya picha ya Bikira Maria, kulikuwa mutungi wa udongo wenye mama yangu alitoka nao Mahagi wakati aliolewa huku. Ulikuwa mutungi wa shirika letu, maana yake jamaa zote za avenue zenye kusali pamoja kila jumatano. Mwaka Hilaire alifariki, siku ya Pasaka, Abbé Aristide alibariki maji ndani yake, na shirika ikasema mutungi ukae kwangu, kwa sababu niko mujane, nyumba yangu imetulia, na mulango wangu haufungwe muchana. Nilipokuwa mutoto masista walinifundisha: maji ya baraka, usiyaache yashuke nusu. Ongeza maji ya kawaida wakati ya baraka ingali mingi, na yote itakuwa ya baraka. Ndivyo nilifanya. Kwa miaka sita maji yale hayakumwagwa hata mara moya. Mutu akiwa na mugonjwa, alikuja, alichota kwa kikombe, alinawa uso, alikaa kwenye kiti pale karibu, tulisali. Usiku nilifunika mutungi na kitambaa cheupe ili mende wasiingie. Asubui nilifunua, ili mwenye shida asikute mulango ya Mungu imefungwa.

Nilifanya hivyo kwa heshima.

Mwezi ule Valérie alikuja, mama moya wa avenue yetu mwenye alikuwa amerudi toka Tchomia na homa. Alikaa pale kwenye kiti mangaribi mbili. Muzee Adrien, kiongozi wa sala yetu, alikuwa anakuja pia, juu ya mugongo wenye kumuuma. Alipenda kukaa pale kwa sababu, alisema, mutungi unatoa baridi muzuri.

Mangaribi ya pili ya Valérie, nilikuwa na rozari mukononi na macho kwenye miguu yake. Mbu alitua juu ya kisigino. Nilimuona amekunywa, tumbo ikawa nyekundu. Akaruka pole pole kama mutu mwenye ameshiba, akazunguka kiti, akashuka kule kona, nyuma ya mutungi.

Nilijua ile kona. Ninafagia pale kila siku, hakuna kitu kingine pale.

Nilimaliza fungu ya rozari. Nikajiambia labda ametoka kwa dirisha. Dirisha iko upande mwingine. Sikusimama kutazama.

Siku kumi na tano baadaye muzee Adrien alishikwa na homa. Batoto yake walisema ni malaria, kama siye wote tunasema kila mara. Wakamupa dawa ya malaria, na juu ya maumivu wakamununulia aspirini, moya asubui na moya mangaribi. Siku ya tatu fizi zilianza kutoka damu. Siku ya tano tulimuzika. Kwenye kaburi Camille alisimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa ugonjwa huu aspirini inafungulia damu mulango, na hakuna mwenye alimuuliza mapema.

Nilirudi toka kaburini na vumbi kwenye viatu, nikakuta Divine amelala juu ya kitanda, mustikere imesogezwa pembeni. Macho ilikuwa nyekundu.

"Koko," akasema, "imerudi. Inauma huku, nyuma ya macho, kama mara ya kwanza."

Tulimufikisha hospitali kwa pikipiki, miye nyuma nikimushikilia. Wakamutosha damu ya kupima labo, wakamulaza. Camille, mwenye alitufuata, akasema, "Mama, hii ingine imemupata kwako nyumbani. Twende nione."

Alipita kila pahali. Nyuma ya nyumba, chini ya kitanda, juu ya bati. Alishangaa vile palikuwa safi. Mwishoni akasimama katika salon mbele ya mutungi, mikono yake nyuma.

"Na hii?"

"Hii ni ya baraka."

"Ninajua. Miye muprotestanti, Mama Bruno, sitaki kuingiza mukono yangu pale. Lakini weye utazame." Akaniwashia taa ya simu, akanipatia.

Juu, maji ilikuwa safi kama kioo. Niliona uso wangu. Kisha nikashusha taa pembeni, na nikawaona. Walikuwa wengi kuliko ndani ya mipira yote ya Roger. Walining'inia vichwa chini, na mwanga ulipowafikia wakajikunja na kujikunjua, wakashuka wote pamoja kwenye giza. Na pale maji inapogusa udongo, kuzunguka mutungi wote, kulikuwa musitari mweusi kama masizi.

"Ile nyeusi njo mayai," Camille akasema. "Ukimwaga maji tu, mayai inabakia. Inaweza kukaa miezi mingi bila tone. Siku unarudisha maji, inafunguka. Lazima brosi na sabuni, na nguvu."

Nilikuwa ninawaza kiti. Nani alikaa pale, siku gani, alikuwa na homa ao hapana. Nilikuwa ninawakumbuka wote.

Hapo Madeleine aliingia na wamama wawili wa shirika, na ndoo. Walikuja kuchota maji ya kupelekea Divine hospitali.

"Dada, musichote," nikasema. "Kuja utazame."

Madeleine alitazama. Aliona, ninajua aliona, kwa sababu alirudi nyuma hatua moya. Lakini akasema, "Na kisha?"

"Nitamwaga."

"Utamwaga nini? Mutoto iko kwa kitanda ya hospitali, damu yake inasumbuka, na leo njo siku yenye unachagua kumwaga baraka inje?"

"Dada..."

"Miaka sita! Bwana yangu alinawa hapa mbele ya kufa. Hii si maji yako, Mama Bruno. Ni ya shirika. Ulimuuliza Abbé?"

Abbé Aristide alikuwa Mahagi. Nilimupigia mara tatu, simu haikupita. Camille aliangalia chini. Yeye hakutaka kusema neno juu ya mambo ya dini yetu, na nilimuheshimu kwa ajili ya hiyo, lakini wakati ule ningependa mutu yeyote aseme neno.

Niliogopa. Ninasema wazi, niliogopa sana. Niliona vile Divine akikufa usiku ule, avenue yote ingesema ni miye nilimwaga maji yake ya uzima. Na kama ningebakia peke yangu na wazo lile, sijui kama ningeweza kuwajibu.

Nilipogeuka kuchukua jembe, Madeleine alikuwa amejaza ndoo yake. Aliibeba kichwani, akapita mulangoni bila kunitazama.

Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, pembeni ya ukuta, pale mutu hapitishe muguu, kwa sababu masista walitufundisha pia kwamba maji ya baraka hairudi barabarani, inarudi katika udongo. Mutungi ni muzito. Camille alishika chini, miye juu, na hapo mukono yake iligusa, na Mungu hakumukasirikia. Maji iliingia ndani ya udongo pole pole. Nilisali vile nilijua. Kisha nilisugua mupaka vidole vikatoka ngozi, nikaulaza mutungi juani, kinywa chini.

Siku ya ine pale hospitali, homa ya Divine ilishuka.

Madeleine alifika asubui na wamama wake, waliposikia hivyo wakaimba. Divine alicheka kidogo. Watu wa vitanda vingine wakapiga mikono.

"Umeona?" Madeleine aliniambia. "Jana ulipoenda kununua uji nilimupaka maji yangu kwenye paji ya uso. Yako ulimwaga, yangu imefanya kazi. Haya, tumuvalishe, twende naye nyumbani. Hapa kitanda kinamuchosha bure."

Lakini Camille alikuwa ameniambia, na alinirudilia mara mbili: siku joto inashuka njo siku ya kufungua macho. Nilimushika Divine mukono. Ilikuwa baridi, na yenye jasho. Nilimuuliza kama tumbo inauma.

"Kidogo, Koko." Kisha akageukia ukuta, akatapika.

"Ni njaa," Madeleine akasema.

"Si njaa."

"Weye unamuitia magonjwa! Mutoto amepona, unakatala kuona!"

"Haondoke hapa."

Nilienda kumwita muganga wa zamu. Sikukimbia, lakini nilimwambia kwamba sitatoka mulangoni kwake kama hasimame. Alipomupima, uso wake ulibadilika. Wakamuwekea serumu mikono yote miwili. Wamama waliacha kuimba. Siku mbili, Divine alikuwa kama nguo yenye imelowa, yenye kuwekwa pahali na kubaki pahali. Nilihesabu matone ya serumu pamoja na shanga za rozari. Sikumuomba Mungu anisamehe, hiyo niliacha kwa siku ingine. Nilimuomba tu asiangalie kosa yangu wakati anamuangalia yeye.

Siku ya tatu aliomba uji. Siku ya tano dokta akasema, "Kesho atatoka."

Kesho. Nilienda nyumbani kutayarisha kitanda, na nilipofika nikasimama mbele ya matete. Upande wa pili, chini ya baraza ya Madeleine, ndoo ilikuwa pale pale, wazi, na kikombe juu ya kiti. Watu walikuwa wameanza kwenda kuchota kwake. Toka ile ndoo mupaka kitanda cha Divine, mbu hana hata nafasi ya kuchoka.

Nilipitia mulango kubwa, kwa heshima.

"Divine anatoka kesho," nikasema.

"Mungu asifiwe."

"Nimekuja kwa ajili ya ndoo."

"Hii hutagusa, Mama Bruno. Yako ilikuwa yako."

"Sitagusa. Nipe tu kiti."

Alinitazama kama mutu mwenye akili imetoka, lakini mutu hakatalie mwenziwe kiti. Nikakaa upande moya wa ndoo. Yeye, kwa kuogopa nisifanye kitu, akakaa upande wa pili. Ilikuwa saa tatu na nusu ya asubui. Kuku walipita. Mutu alipita barabarani akatusalimia, "Bamama, muko munalinda nini?"

Tulikaa vile muda murefu. Madeleine alianza rozari, na miye nikaitikia, kwa sababu ni vigumu kusikia sala na kunyamaza.

Wa kwanza alitoka kwenye ukingo wa ndoo. Alikuwa mupya, miguu yake bado haina nguvu, alisimama juu ya maji kama kwenye sakafu. Kisha akaruka. Sikumuonyesha kwa kidole. Alizunguka kikombe, akaja akatua juu ya mukono wa Madeleine, pale chini ya kiwiko, penye ngozi ni laini.

Madeleine aliacha sala katikati ya neno. Aliona mistari myeupe. Hakumupiga. Alimuacha akunywe, na machozi ikaanza kumushuka.

"Ni ya Pasaka," akasema. "Maji ya Pasaka."

"Ninajua, dada."

"Bwana yangu alinawa ndani."

"Ninajua."

Mbu akaruka akaenda. Madeleine alipangusa uso na kitenge, akakaa akiangalia ndoo. Niliona neno linakuja mbele ya kufika mudomoni mwake, na sikuwa na pahali pa kukimbilia.

"Na muzee Adrien?" akauliza. "Alikaa kwa kiti yako mara tatu."

"Mara ine," nikamujibu. "Nilihesabu."

"Batoto yake banajua?"

"Bado. Nikitoka hapa njo ninaenda kwao."

Madeleine akasimama, akashika ndoo kwa upande wake, akangojea. Nikashika upande wangu. Ilikuwa imejaa kuliko vile nilifikiri, na ilitumwagikia miguuni tulipokuwa tunaizungusha nyuma ya nyumba.